Mkagua Reli Aliyemsubiri wa Mwisho

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mzime hizo simu. Mimi shule niliishia darasa la nne, Gulwe, na hata hilo la nne nilikuwa nalikosakosa kila msimu wa kuamia ndege, maana uwele usipokuwa na mtu wa kuwafukuza ndege, unabaki mabua. Kwa hiyo msitafute humu maneno ya mapambo. Nitasema nilichokiona kwa mtu mmoja, jirani yangu wa miaka mingi. Jina lake silitaji, mwenyewe hakupenda litajwe ovyo. Mtaa mzima ulimwita Mkagua Reli, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kazi hiyo wengi wenu hamuijui. Siku hizi treni ya umeme inapita, ukigeuza shingo imeshapotea, na sijui nani anaiangalia njia. Zamani reli yetu ilikaguliwa kwa miguu. Mtu alipewa kipande chake, akapewa nyundo ya mpini mrefu, spana, na vitambaa viwili, chekundu na kijani. Alitoka alfajiri akitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayoshika reli, anaangalia boliti moja baada ya nyingine, upande wa kushoto akienda, upande wa kulia akirudi. Iliyolegea aliikaza. Reli yenye ufa aliijua kwa kuigonga na kuisikiliza. Huyu alifanya hivyo miaka yote ya nguvu zake, huko kwetu Gulwe, ambako mto ukijaa unabeba tuta zima na reli inabaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mimi nilikuwa nauza uji karibu na kambi yao. Ndiko nilikomjua. Baadaye tulihamia Dodoma, kila mtu kwa njia yake, tukaja kukuta tumejenga ukuta kwa ukuta.

Salamu yake ya kwanza baada ya miaka yote hiyo ilikuwa hii: "Mbukwa, Mama Eliya. Bado uji wako mtu anaona hadi chini ya kikombe?"

Nikamjibu, "Mbona ulikuwa unakunywa viwili?"

"Ni kwa sababu kimoja hakikuwa na kitu ndani."

Huyo ndiye yeye.

Alikuwa hawezi kutembea kama watu. Hatua zake zilikuwa fupi na za kulingana, taruma hadi taruma, hata kwenye lami, hata uani kwake. Na kichwa chini. Vijana wa bodaboda walikuwa wanamtania: "Babu, umeangusha sindano?" Yeye anaendelea na hatua zake. Lakini mtu akipoteza kitu mtaani, anakwenda wapi? Anakwenda kwake. Funguo za mwalimu mkuu alizipata. Hereni ya bi harusi aliipata, kwenye mchanga, siku ya pili yake, baada ya wanawake kumi kupekua na kukata tamaa. Alipita mara moja akienda, mara moja akirudi, akainama. Nilimwuliza ameionaje. Akasema, "Nyinyi mlikuwa mnatafuta hereni. Mimi nilikuwa naangalia chini." Nililifikiria jibu hilo siku nyingi na sijalimaliza.

Tena alikuwa na tabia ya kugonga. Kila kitu alikigonga kwa kifundo cha kidole na kukisikiliza: geti, sufuria, meza, hata boga. Nilinunua mtungi mpya sokoni, mzuri, mwekundu, nikaupitisha mlangoni kwake kwa maringo. Akaugonga mara moja. "Una ufa huo." Nikamwambia ufa uko kichwani kwake. Nikaujaza maji. Siku ya tatu nikaamka nikakuta sakafu imelowa na mtungi uko mapande mawili. Alipita nje, akaona nimebeba vigae, hakusema neno. Bora angesema. Kimya chake kiliniuma kuliko ule mtungi.

Ukimpelekea habari yoyote alikuwa na swali moja tu: "Umeona, au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, anaendelea na shughuli zake kama vile hujaja. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo vyao kanisani na msikitini, wakigeuka nyuma mlangoni kwake kwenda kuhakikisha kwanza. Msikitini nasema kwa sababu yeye alikuwa Mwislamu wa swala tano. Mimi ni Mwanglikana. Idi nilikula kwake, Krismasi alikula kwangu, na kila mara alisema mlenda wangu una chumvi nyingi, akaumaliza.

Msidhani nasema habari za malaika. Alikuwa mkaidi. Mbuzi wangu aliwahi kuingia kwenye mchicha wake, tukanuniana kuanzia kupanda hadi kuvuna, na salamu zikawa zinapitishwa na mbuzi mwenyewe. Na mtu huyo aliyeilinda reli maisha yake yote alikuwa anaogopa kupanda treni! Alipopata safari alipanda basi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ndani ya treni huoni njia. Umekalishwa tu, unaambiwa mtafika."

Sasa kuna jambo la kazi yake lazima niwaeleze, la sivyo yatakayofuata hamtayaelewa. Kipande cha kila mkagua reli kilikuwa na mwisho, na mwisho wake ndio ulikuwa mwisho wa kipande cha mwingine aliyetokea kambi ya mbele. Walikutana pale. Kila mmoja alibeba kibati chenye namba. Walibadilishana vibati, kila mtu akarudi na cha mwenzake, akakikabidhi kwa mnyapara. Hapo ndipo mnyapara alipojua kwamba wote wawili wamefika mwisho, hakuna aliyelala chini ya mti akarudi kudanganya. Mwenzako asipofika, unamsubiri. Asipofika kabisa, unamfuata.

Siku moja ya mvua kubwa, Mkagua Reli alifika mwisho wa kipande chake, hakumkuta mwenzake. Akasubiri kidogo, akaona maji yanapanda, akageuka. Mwenzake alikuwa ameteleza kwenye daraja, amevunjika mguu, yuko chini kwenye mawe anaita. Walimpata kesho yake. Alipona, lakini reli hakuikanyaga tena. Habari hii sikuambiwa na Mkagua Reli. Ya darajani nilielezwa na wenzake wa kambi; mwisho wake niliuona mwenyewe, maana yule mgonjwa alipitishwa mbele ya uji wangu juu ya kitoroli cha reli, na aliyekuwa anakisukuma ni yeye, anasukuma na kulia mbele za watu. Tangu siku hiyo sijamsikia akilisema jambo hilo.

Haya. Tuje kwenye mbio alizokimbia uzeeni, hapa Dodoma.

Mwaka huo alianguka. Alipanda juu ya bati kukaza misumari, umri huo, akashuka bila ngazi. Mimi niko jikoni nasikia ukuta unagongwa. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Nikachungulia, nikamkuta amelala uani, anagonga ukuta kwa jiwe, uso hauna hata wasiwasi. "Mama Eliya," akasema, "ukimaliza kusonga ugali wako, njoo uniinue." Nikamwinua. Hakuvunjika, lakini nyonga ilivimba. Nami nikachukua simu nikampigia binti yake, mwenye duka la vitambaa Kondoa.

Binti akaja na basi la asubuhi. Mtoto mzuri, mwenye adabu, akanisalimia shikamoo kwa magoti yote mawili. Akamkalisha baba yake, akamwambia, "Baba, tumeshakubaliana. Unakuja kukaa kwangu."

"Mmekubaliana na nani?"

"Na kaka zangu."

"Aa," akasema.

Binti aliondoka ili arudi baada ya miezi miwili kumchukua. Nyonga ikapungua. Siku chache baadaye ikapita gari ya vipaza sauti inatangaza mbio za hisani, za kununua mashine za kuwatunzia watoto njiti wodini, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Kilomita ishirini na moja, kutoka mjini, barabara ya Dar es Salaam, unageuka na kurudi. Barabara itafungwa tangu saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu inafunguliwa kwa magari. Mkagua Reli akaazima simu yangu, akampigia binti yake nikiwa nimesimama pale.

"Mwanangu, sikiliza. Nikikimbia mbio hizi nikamaliza kwa miguu yangu kabla barabara haijafunguliwa, nabaki kwangu. Nikishindwa, nafunga mzigo siku hiyo hiyo."

Nikamsikia binti akicheka hadi akakohoa. Akasema sawa.

Nilimsindikiza kujiandikisha. Binti wa mezani akamtazama, akamtazama na katambuga zake za tairi, akasema kwa huruma, "Babu, kuna kilomita tano za kutembea na familia."

Akajibu, "Familia ndiyo ninayoikimbia. Niandike hizo nyingi."

Kila alfajiri baada ya swala alitoka. Hatua fupi, kichwa chini, kushoto akienda, kulia akirudi. Mwezi wa kwanza watu walicheka. Wa pili walinyamaza, kwa sababu alikuwa anakwenda hadi mbali, anarudi, hajachoka zaidi ya alivyotoka. Hakuwa na mbio, alikuwa na mwendo usioisha. Mimi nimeona ng'ombe wakivuka nchi kavu kwa mwendo ule, lakini binadamu sijawahi.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo wetu wa kipupwe, ule unaopita kwenye kitenge kama hakipo. Sisi akina mama wa jumuiya tulikuwa tumepewa meza ya pale wanapogeukia. Kazi yetu ni kumpa kila mtu maji, na kumvisha mkononi mpira wa rangi ya machungwa, wa kuonyesha mwisho kwamba kweli alifika pale hakugeukia njiani. Wakaja vijana wembamba kama fito, wakapita bila kunywa. Wakaja maaskari. Wakaja wa maofisini na fulana za kulingana, wanapigana picha. Saa moja na dakika ishirini nikamwona anakuja, tiki, tiki, tiki, amewapita wengi walioanza kwa fujo na sasa wanatembea wameshika kiuno. Nikahesabu moyoni: akirudi kwa mwendo ule ule, kabla ya saa tatu atamkuta binti yake pale mwisho na muda wa kunywa chai umebaki. Nilitaka kuruka. Nikajizuia, mimi ni mtu mzima.

Nikamvisha mpira. Akachuchumaa akanywa maji. Akasimama. Hakuondoka.

"Mzee, nenda!"

"Nyuma yangu kuna nani?"

"Kuna watu. Nenda!"

"Wa mwisho ni nani?"

Mama mmoja akasema wa mwisho ni kijana mmoja mnene wa ofisini, anachechemea, yuko mbali, pikipiki ya huduma imempita.

"Umeona, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa na mwenye pikipiki."

Mkagua Reli akauangalia ule mpira mkononi mwake, akauzungusha. Akasogea pembeni ya lami, akasimama anatazama kule watu wanakotokea. Hapo nikaelewa. Amefika mwisho wa njia, amepewa kibati, na wa kubadilishana naye hajafika.

Nikamwendea karibu, nikamsemesha kisirisiri kwa hasira. "Mzee, hii si reli. Hizi ni mbio. Kila mtu na lwake. Una kesi na mtoto wako, saa inakwenda, nyumba yako inaondoka hivi hivi unaitazama!"

"Najua, Mama Eliya."

"Unajua nini?"

"Najua saa."

Walipita watu, wakapungua, wakaisha. Barabara ikawa nyeupe kabisa. Wenzangu wakaanza kumwaga maji yaliyobaki. Yeye amesimama na katambuga zake, upepo unampiga, na mimi nilitamani nimsukume, na hapo hapo nilikuwa naogopa kumgusa. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama kusimama karibu na mtu anayeswali.

Saa mbili kasoro dakika tano kijana akatokea. Soksi zimeingia damu kisiginoni, uso umevimba kwa kulia. Nikamvisha mpira. Mkagua Reli akamsogelea, akavua wake, akanyoosha mkono. "Nipe wako."

Kijana akarudi nyuma akidhani ananyang'anywa. "Babu, mimi nimefika kihalali kabisa! Waulize hawa mama!"

"Nimeona. Nipe wako, chukua wangu."

Wakabadilishana. Kijana akauliza, "Kwani babu wewe ni wa huduma ya kwanza?"

"Mimi ni mkimbiaji kama wewe. Twende. Hatua fupi. Usiangalie mbele, angalia chini."

Wakaondoka wawili. Kwa nyuma kijana alikuwa mkubwa mara mbili yake.

Tulipopakia meza kwenye pikapu tuliwakuta njiani. Saa tatu ilishapita, barabara imefunguliwa, malori yanapita yanapuliza vumbi. Wamehamia kwenye changarawe pembeni. Dereva akapunguza mwendo. "Pandeni, mzee, mbio zimeisha!" Kijana akaitazama pikapu kama mtu wa mfungo anavyoitazama futari. Mkagua Reli hakuinua hata kichwa. Kijana akameza mate, akashusha tena macho chini, akamfuata. Dereva akasema, "Hawa wana nini?" Nikamwambia aendeshe gari.

Mwisho wa mbio walikuwa wanakunja mahema. Lile puto kubwa la kumalizia lilishatolewa upepo, liko chini kama ngozi ya ng'ombe. Binti yake amesimama peke yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nikamweleza kilichotokea kule, mpira na yote, na habari ya yule mwenzake wa Gulwe ambayo hakuwahi kuisikia. Akawa anatokwa na machozi kimya kimya.

Walitokea saa nne kasoro dakika kumi. Waliokuwa wanakunja mahema waliacha. Hakuna aliyepiga makofi, watu walisimama tu, na mwenye kofia alivua. Kijana alipovuka pale puto lilipolala alikaa chini akalia kama mtoto. Yeye alipitiliza hatua chache zaidi, akageuka, akaangalia alikotoka, upande wa kulia. Kisha ndipo akamwendea binti yake.

"Shikamoo baba. Baba, basi. Yaishe. Umefika, ubaki kwako."

"Marahaba. Nimefika saa ngapi?"

"Baba, yaishe..."

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro."

"Tulipatana saa tatu."

Siku hiyo hiyo alifunga mzigo. Binti alimbembeleza hadi akachoka, nami nikambembeleza, na vijana wa bodaboda waliokuwa wakimtania wakaja kusimama getini na vichwa chini. Hakubadili. Nyundo yake aliifunga ndani ya shuka. Alipopita kwangu akagonga geti kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Hili bado zima," akapanda basi la Kondoa.

Nilikaa na uchungu. Nilijiambia: mtu ameipoteza nyumba yake kwa ajili ya mtu asiyemjua hata jina. Nilimwona ni mkubwa kuliko sisi wote, na nilimkasirikia kwa hilo hilo.

Baada ya mavuno nilikwenda Kondoa kwenye msiba, nikapitia dukani kwa binti. Nilimkuta Mkagua Reli barazani, amevaa kanzu safi, amenenepa. Nikamwuliza anaishije.

"Vizuri. Chumvi ya huku ni ya kiasi."

"Nyumba umeikumbuka?"

"Naikumbuka."

Nikashindwa kuvumilia. "Mzee, niambie. Ulihangaika vile miezi miwili, alfajiri, baridi, ili usije huku. Halafu ukasimama pale njiani ukaiacha. Sasa ulikuwa unataka nini?"

Akasema, "Siku ile mwanangu alikuja na mifuko ameshainunua. Ameshaongea na kaka zake. Nyumba imeshatafutiwa mpangaji. Mimi nimekaa pale katikati yenu kama kabati. Hakuna aliyeniuliza. Hata wewe, Mama Eliya. Uliniinua, ukapiga simu. Nilikimbia ili kubaki au kuhama kuwe neno langu."

Nikamwuliza, "Na tungekuuliza?"

"Ningesema ndiyo."

"Ungesema ndiyo?"

"Nilikuwa nimelala uani, nagonga ukuta kwa jiwe. Nilishajua peke yangu siwezi tena. Ningesema ndiyo kabla swali halijaisha."

Ndani binti alikuwa anampimia mteja kitambaa, anacheka naye. Mkagua Reli akamtazama kwa upendo mwingi, sijapata kumwona hivyo. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi Dodoma jioni hiyo. Nilipoingia ndani sikuutua hata mkoba. Niliwaita wote, wanangu, wakwe zangu, wajukuu waliokuwepo, nikawasimamisha pale ninapowaona nyuso, nikawaambia: "Siku miguu yangu itakapogoma, ni marufuku kupigiana simu. Ni marufuku kufanya kikao nyuma ya mlango. Mje hapa, mkae chini, mniulize mimi mwenyewe, na mnyamaze mpaka nimalize kujibu."